Mtani Aliyelia

Mtani wangu Mwantumu,

Sikusalimii. Wewe ndiye uliyeondoka, wewe ndiye ulipaswa kuanza kuniuliza mimi hali. Lakini nakujua, hata ulipokuwa hai hukuwa na habari ya kumuuliza mtu hali. Ulikuwa unapitisha kichwa tu mlangoni unasema, "Nyamizi, uji wa wanamuziki uko wapi?" Basi nakujibu bila kuulizwa: nimechoka. Nimechoka miguu, nimechoka koo, nimechoka mpaka kope. Leo Jumatatu, niko jikoni kwetu hapa Mikumi, nyuma ya ukumbi wako wa dansi, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, na juu ya bati nyani wanakimbizana kama kawaida yao. Jana tumepiga bugi, lile dansi letu la Jumapili mchana. Nimeimba mimi, mbele, mahali pako. Usicheke kwanza. Nina ugomvi na wewe, na ugomvi wenyewe nauanzia Masanze, siku tuliyokuzika.

Ulikufa Alhamisi alfajiri, bila adabu, bila kuaga mtu. Jioni ya Jumatano ulisema kichwa kinagonga, nikasema twende hospitali, ukasema hiyo ni presha tu, ukilala itashuka. Ukalala. Sisi tukaamka, wewe hukuamka. Jua halijapanda vizuri kaka yako Mzee Athumani akapiga simu, mleteni nyumbani, kaburi linachimbwa. Yule dereva wa vitunguu aliyekuwa hakosi bugi, yule mnene anayecheza amefumba macho, akashusha magunia yake pale kituoni akakupakia wewe. Tulipopita kile kijiji cha Ulaya watu walisimama pembeni mwa barabara, wanaume wamevua kofia. Nikakumbuka ulivyokuwa unawachokoza kwenye kipaza sauti: "Waliotoka Ulaya wako wapi? Mbona hamjaniletea zawadi za huko?" Na wao kila Jumapili wanacheka upya, kama hawajawahi kuusikia huo utani. Siku ile hakuna aliyecheka.

Kazi yangu msibani kwako unaijua. Wewe Msagara, mimi Mnyamwezi, mjukuu wa mtu aliyekuja Kilosa kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Sisi ni watani tangu babu zetu. Mtani halii msibani. Mtani anakuja kuwachekesha wafiwa. Anavaa nguo za marehemu, anatembea alivyotembea, anagomba alivyogomba, mpaka waliofiwa wacheke, na wakishacheka ndipo msiba unaanza kupoa. Jeneza likitaka kutoka, anajilaza mlangoni, hatoki mtu hapa mpaka nipewe changu. Mimi nimeshafanya kwenye misiba mingi ya kwenu. Msiba wa mama yako nilimuigiza mpaka wewe mwenyewe ukajikojolea, usikatae, kanga nilikuazima mimi.

Na tulishapatana. Tangu tukiwa wasichana Kilosa, wewe unaimba kwenye ukumbi wa kambi ya mkonge na mimi nakuitikia nyuma, tulipatana kwamba atakayetangulia ataigizwa na mwenzake. Ulikuwa unanitisha kabisa. "Wewe mbeba mizigo wa misafara, ukifa nitavaa hizo kanga zako zilizotoboka, nitatembea kama bata, nitapita kwenye kila sufuria nionje chumvi!" Na mimi nakwambia, "Wewe mvivu, nitakaa kwenye kiti nipige kelele watu waniletee maji ya tangawizi, basi, nimekumaliza." Tulikuwa tunacheka sana. Hatukudhani hata siku moja kwamba tunazungumza kitu cha kweli.

Basi jeneza likainuliwa. Nikajilaza mlangoni. Watu wote wananitazama, wengine wameshaanza kutabasamu kwa sababu wananijua. Nikafungua mdomo niseme, "Hatoki huyu mvivu, bado ana deni la vyombo!" Kilichotoka ni kilio. Tena si kilio cha heshima, cha kwenye kanga. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa, nimelala kifudifudi pale kizingitini, wabebaji wamesimama na jeneza begani hawajui waniruke au waningoje.

Mwantumu, hukuona kilichofuata. Wale wanawake wa kwenu walikuwa wametulia, wanamung'unya dua zao. Waliposikia mtani analia, walishtuka. "Jamani, mpaka mtani!" Wakaangua kilio kijiji kizima, kwa sababu kama mtani amelia basi jambo limeharibika kweli. Ilibidi niinuliwe na vijana wawili nipelekwe pembeni kwenye kinu, nikakaa hapo, na wewe ukapita. Sikukuona ukipita. Hilo sijakusamehe.

Jioni Mzee Athumani aliniita. Nikampa shikamoo, akaitika, akakuna ndevu. Akasema, "Nyamizi, kazi hujafanya. Watu wamelala na kilio tumboni. Sasa arobaini uje uimalize, na mpaka uimalize, ule ukumbi usifunguliwe. Hatuwezi kucheza dansi na msiba haujafungwa." Nikasema sawa, kaka.

Ndiyo nikarudi Mikumi, nikafunga geti kwa ile minyororo yako. Unajua ukumbi uliofungwa unavyokuwa? Popo wanaingia. Vumbi linakaa kwenye meza, unafuta leo, kesho liko. Malori yanapita barabarani, dereva anapiga honi mara moja kwa mazoea, anaona giza, anaenda zake. Chande, mpiga gitaa wako, alikaa wiki mbili anakung'uta nyuzi kibarazani halafu akaja kuniaga amejikunja, ati kapata kazi hoteli moja Morogoro, anapigia watu wanaokula. Sikumlaumu, ana watoto. Wa ngoma akaenda kulima ufuta. Nikabaki mimi na nyani.

Na Shabani. Mtoto wa kaka yako si mbaya, nakwambia mapema ili usianze kumlaani huko. Alikuja na pikipiki, amekaa pale kwenye kiti chako, nikamwambia ondoka hapo, akaondoka. Akasema, "Shangazi Nyamizi, kuna mfanyabiashara anataka kupanga ukumbi uwe ghala la ufuta. Jukwaa litang'olewa, lakini analipa vizuri. Marehemu hayupo, bendi imetawanyika, nani ataimba? Wewe mwenyewe umechoka, nakuona." Aliposema umechoka, Mwantumu, nilitaka kumkumbatia. Ndiye mtu wa kwanza kuniambia hivyo tangu nianze kukoroga uji wako.

Kwa hiyo nikaamua. Nakueleza kabisa. Binti yangu kule Munisagara kanijengea chumba karibu na mpunga wake, ananiambia kila mara, mama njoo ukae, ucheze na wajukuu, usikilize treni tu zinapita. Nikasema nitaenda. Arobaini nitavaa gauni lako, nitakuigiza, watu watacheka, na nikiwa bado ndani ya nguo zako nitatoa amri. Nani anabishana na mtani aliyevaa nguo za marehemu? Hakuna. Siku ile anachosema kinachukuliwa marehemu kasema. Nikaitunga sentensi yenyewe hapa hapa jikoni, nikaifanyia mazoezi mbele ya sufuria: "Shabani, ukumbi upangishe, na Nyamizi aende Munisagara akapumzike." Fupi, safi, imekwisha. Nilijiona mjanja kuliko Wasagara wote.

Arobaini ikafika. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, nikaingia chumbani kwa mke wa Mzee Athumani nikavaa. Lile la kijani, lenye vimetameta kifuani. Lilinipwaya mpaka nikalibana kiunoni kwa pini za nepi. Wigi lako. Ile pete yako kubwa. Chupa ya chai yenye tangawizi nikaishika kwapani, kama wewe. Nilipojitazama kwenye kioo nilitaka kuvua vyote nikimbie, maana gauni lilikuwa bado lina harufu ya marashi yako na jasho, lakini mke wa Mzee alinisukuma mlangoni, kasema toka wewe, watu wanangoja.

Nikatoka. Nikatembea ule mwendo wako, wa mtu anayetaka aonekane hana haraka kumbe viatu vinambana. Nikaanza na wazee, ulivyokuwa ukifanya kila bugi kabla ya wimbo wa kwanza: nikapita kwa mmoja mmoja, nikapiga goti, shikamoo, shikamoo, na kwa yule asiyesikia vizuri nikarudia mpaka akaitika marahaba kwa hasira. Wakaanza kucheka chini chini. Nikageukia vijana. "Na ninyi? Nani kawalea? Simuimbii mtu ambaye hajaamkia!" Wakaitika shikamoo kwa pamoja, kama shuleni. Nikachukua mwiko ukawa kipaza sauti, nikaugonga kwa pete, nikausogeza sikioni. "Sauti iko wapi? Nani kaila sauti yangu? Chande, ni wewe?" Na Chande alikuwepo, alikuja na basi la asubuhi, akasimama akajibu, "Si mimi, mama," kwa ile sauti ya kuonewa aliyokuwa akikujibia miaka yote. Hapo uwanja ulipasuka. Mzee Athumani alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho. Wanawake wanagaragara mikekani. Nikaketi, nikapiga kelele niletewe maji ya moto, nikayanywa, nikayatema, "Haya ya moto au ya mfereji?" Nilikuwa nimekupata, Mwantumu. Nilikuwa nimekupata mpaka nikaogopa.

Nikasema moyoni, sasa. Nikamwita Shabani. Akaja, kapiga magoti kwa heshima ya shangazi yake. Nikafungua mdomo nitoe ile sentensi.

Haikutoka. Nilikuwa na sauti yako kooni, na sauti yako haikuijua hiyo sentensi. Katika maisha yangu yote na wewe sijawahi kukusikia ukimwambia mtu akapumzike. Sina pa kuigia! Nilitafuta, naapa, nilitafuta ndani ya gauni lote. Na kikatoka kile ambacho ulikuwa ukisema kila Jumapili, ule uchokozi wako wa kila Jumapili, ukiwa umeshika kipaza sauti na mimi nimejificha nyuma ya wapiga gitaa:

"Nyamizi yuko wapi? Kajificha tena? Mwambieni leo koo langu limekauka. Leo anaimba yeye!"

Zamani ulikuwa ukisema hivyo, watu wanashangilia, mimi natingisha kichwa kukataa, wewe unacheka, unaanza wimbo. Ndivyo ilivyokuwa inaisha. Safari hii hukuwepo wa kuanza wimbo. Nilisikia maneno yametoka, halafu bibi mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, na wote wakasimama. "Marehemu kasema! Marehemu kasema!" Mzee Athumani akanyanyua mikono, akasema msiba umefungwa, akamgeukia Shabani: "Umemsikia shangazi yako. Huo ufuta ukatafutiwe pengine."

Nikasema, "Hapana jamani, subirini, nilikuwa naigiza tu!" Wakacheka zaidi. Walidhani bado naigiza. Nikavua wigi, nikasema mimi Nyamizi nasema kweli, sitaki, nimechoka, nakwenda Munisagara. Wakagongana mikono, ati tazama, hata Nyamizi anavyokataa anaigiza! Shabani peke yake ndiye aliyenitazama vizuri. Akaja kunisaidia kutoa pini kiunoni, akaninong'oneza, "Shangazi, umejifunga mwenyewe." Nikamwambia nyamaza, mtoto wewe.

Sasa jana. Sikudanganyi, haikuwa nzuri. Watu walikuja, hilo niseme. Wa Kilosa walikuja, yule mstaafu wa reli na suti yake ileile, wa Ulaya wamejaa kwenye pikipiki, dereva wako wa vitunguu kaegesha lori upande wa pili. Shabani alifagia popo mwenyewe. Chande kaomba ruhusa hotelini, wa ngoma katoka shambani na kucha zina udongo. Nikapanda jukwaani jua likiwa bado kali, nikashuka tena kuwaamkia wazee, nikapanda tena, na magoti yangu yakakutukana kila ngazi. Nilipogonga kipaza sauti kwa pete, watu wote wakageuka kutazama mlangoni. Wote. Na mimi nikatazama.

Halafu nikaimba. Mstari wa kwanza nikauweza. Wa pili nikauweza. Nikafika pale unaponyamaza wewe, naingia mimi kuitikia. Basi nikanyamaza kama wewe, na kwa mazoea yale yale nikaingia kama mimi. Nikajiita, nikajiitikia. Nikajiita tena, nikajiitikia tena, sina hata nafasi ya kuvuta pumzi, jasho linaingia machoni, Chande ananikonyeza nipunguze, nami sijui nipunguze ipi, maana nikiacha kuita sina wa kuitikia, na nikiacha kuitikia nasikia pale palivyo patupu. Wimbo ukaisha nikaketi chini, jukwaani, mbele ya watu. Mstaafu wa reli akaniletea maji yeye mwenyewe. Ya moto. Nikayanywa yote.

Tulipiga mpaka magharibi, tukafunga. Watu waliondoka wamefurahi, naliona hilo, wananishika mkono, bibi umetuokoa, Jumapili ijayo tupo. Nikawaitikia. Nikaja hapa jikoni nikajikuta natazama mlango, nangoja upitishe kichwa uniulize uji. Ulikuwa haujakorogwa, Mwantumu. Nimesahau uji wa wanamuziki, wameondoka na njaa, na hakuna aliyenigombeza. Hapo ndipo nililia tena, mara ya pili. Nakukumbuka mpaka inauma. Nimeshasema, basi.

Sasa nikuulize jambo ambalo nalitafuna tangu siku ile mlangoni, na ndilo ugomvi wangu wenyewe. Mimi nikifa, nani ataniigiza? Wa kwenu waliobaki ni watani wangu kwa ukoo, watakuja, watajilaza mlangoni, watadai kuku. Lakini nani anajua ninavyoonja chumvi? Nani anajua ninavyojificha nyuma ya wapiga gitaa? Watu wananijua kwa kuitikia tu. Huyo mwenye kuniigiza vizuri alikuwa mmoja, na kalala Masanze kabla ya zamu yake. Nadhani ndicho kilichonitoa machozi pale kizingitini. Nilikuwa nakulilia wewe, ndiyo, lakini nilikuwa najililia na mimi, kwamba msiba wangu utakuwa hauna wa kucheka vizuri.

Kwa hiyo nakuahidi, na ahadi zangu unazijua. Nitaimba Jumapili. Na ile nyingine. Yupo binti wa mama muuza mahindi pale kituoni, jana alikuwa anaitikia kutoka nje ya ukuta, nimemsikia, sauti yake haijatulia lakini haiogopi. Nitamwita. Nitamsimamisha nyuma, mahali pangu, aniitikie, na nitamchokoza kila Jumapili kwamba leo anaimba yeye, mpaka siku atakapokubali. Hapo nitakwenda Munisagara. Na huyo binti nitamwonyesha vilevile ninavyotembea, ninavyogomba na sufuria, ili siku yangu ikifika awepo wa kuvaa kanga zangu. Ni Msagara, nimeshauliza.

Gauni lako la kijani silirudishi. Nitakuja Masanze mvua zikikata, nikae pale kaburini nikutukane kwa sauti, usidhani umeponea kwenye barua. Maji kwenye beseni yamepoa, na nasikia Shabani anafungua geti, inabidi niinuke.

Lala salama, mvivu wewe. Mimi niko kazini.

Mbeba mizigo wako,
Nyamizi